Fundi, Hiyo Oili ni GL Ngapi?

Asubuhi za Juni, pikapu inapoiacha barabara kuu ya M1 nchini Malawi na kukunja kuelekea Dowa, tega sikio dereva anapoingiza gia ya pili. Ikiingia kwa mkwaruzo, kisha baada ya kilomita chache mkwaruzo ukatoweka wenyewe, ujue gari linalalamika. Oili iliyo ndani ya giaboksi ama imechoka, ama ni nzito kupita kiasi kwa baridi ya nyanda hizi zilizo zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, ama haikuwa oili ya giaboksi hiyo tangu mwanzo. Madereva wengi wana jibu moja tu kwa malalamiko hayo: wanakanyaga klachi mara mbili, wanasukuma gia kwa nguvu, safari inaendelea. Mzigo unasubiriwa Dzaleka.

Dzaleka iko kilomita 40 hivi kaskazini mwa Lilongwe, ukishapita Lumbadzi na uwanja wa ndege wa Kamuzu. Zamani za Rais Kamuzu Banda palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa. Mwaka 1994 pakafanywa kambi ya wakimbizi, ikikusudiwa watu elfu kumi na kidogo. Leo wamo zaidi ya elfu hamsini, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, mashineni na kwenye vijiwe vya mafundi. Malawi iliukubali Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 ikiwa na masharti yake, na mojawapo linahusu uhuru wa mkimbizi kuchagua pa kuishi. Mei 2023 serikali ilipoanza kuwaondoa mijini wakimbizi waliokuwa na maduka na kuwarudisha kambini, uzito wa hiyo barabara ya kilomita 40 uliongezeka. Asiyeruhusiwa kuhamia mjini hana budi mji uletwe kwake, nao huletwa juu ya pikapu: unga, nyanya, dagaa wa usipa, vitenge, mabati, godoro lililofungwa juu ya kila kitu, na watu wa matola, yaani abiria wa kulipia, wameketi kandokando wakishikilia kamba.

Tufanye hesabu. Pikapu inayokwenda Lilongwe na kurudi mara moja kwa siku, siku sita kwa wiki, inakula kama kilomita 25,000 kwa mwaka bila hata kutoka nje ya njia yake. Kwa gari la mizigo, kilomita 40,000 ndizo ninazoziona za busara kabla ya kubadilisha oili ya giaboksi. Hapo ni chini ya miaka miwili. Sasa muulize mwenye gari lini aliibadilisha mara ya mwisho. Ya injini atakutajia hata kilomita. Ya giaboksi atamtazama fundi, fundi naye atautazama mlango wa gari kana kwamba jibu limeandikwa pale.

Simlaumu sana. Injini ina kijiti cha kupimia, ina taa nyekundu kwenye dashibodi, ina tabia ya kula oili yake hadharani. Giaboksi haina kijiti wala taa. Oili yake haiungui, haipungui isipokuwa pale sili inapovuja, na inazeeka gizani. Siku itakayotoa taarifa itaitoa kwa mlio, na mlio huo tayari ni chuma.

Kwenye giaboksi nyingi za pikapu hakuna pampu ya kusukuma oili. Kuna shafti ya chini yenye gia zake, imezama kiasi ndani ya oili, na kila ikizunguka meno yake yanairusha oili juu, inalowesha gia na beringi za shafti ya juu. Ni utaratibu rahisi na umedumu kwa sababu hauna cha kuharibika. Lakini una sharti moja: hiyo shafti ya chini lazima izunguke, nayo inazungushwa na injini.

Hapo ndipo uhaba wa mafuta unapoingia. Tangu 2022 Malawi imezoea foleni kwenye vituo vya petroli na dizeli kila fedha za kigeni zikikauka. Dereva anayebana dizeli anajua njia zote za kuifikisha mbali, na moja ni ya mteremko: anaweka fri, anazima injini, anaacha gari liteleze. Barabara ya Lilongwe kwenda Salima inashuka zaidi ya mita 500 kutoka uwanda wa juu hadi ziwani, na pikapu zinazofuata samaki huko hupata mteremko wa kutosha kwa mchezo huo. Hatari ya breki na usukani kuwa mzito kila mtu anaijua. Isiyosemwa ni hii: injini ikizimwa, shafti ya chini inasimama tuli huku shafti ya juu ikizungushwa na magurudumu kwa kasi ya themanini au mia. Hakuna kinachorusha oili. Beringi zinakwenda kwa ule utando uliobaki. Pikapu iliyoharibika na kuvutwa kwa kamba kwa mwendo mrefu, magurudumu ya nyuma yakiwa chini, inapata madhara hayohayo. Ndiyo maana mafundi waangalifu hufungua propela kwanza kabla ya kuivuta mbali.

Turudi kwenye mkwaruzo wa gia ya pili. Mpaka miaka ya 1920 kila dereva duniani alikuwa akikwaruza, au akijifunza kukanyaga klachi mara mbili na kuipigia injini hesabu ya kasi kwa sikio. Mhandisi Mmarekani, Earl Thompson, ndiye aliyebuni namna ya kuzisawazisha gia kasi kabla meno hayajakutana, na kampuni ya Cadillac ikaanza kuuza magari yenye utaratibu huo mwaka 1928. Kiini chake ni ringi ya shaba yenye umbo la koni. Unaposukuma gia, ringi inaibana koni ya chuma, msuguano unazifanya zizunguke sawa, kisha meno yanaingia kimya. Neno la kushika hapo ni msuguano. Oili ya giaboksi inatakiwa kulainisha gia na beringi, na wakati huohuo iiruhusu ringi ya shaba ing'ang'anie koni yake. Oili inayoteleza kupita kiasi inaifanya ringi ipotee njia. Oili nzito na baridi haisukumwi pembeni upesi, na ringi inachelewa kushika. Ndiyo siri ya ule mkwaruzo wa Juni unaopona gari likipata moto.

Na ringi ni ya shaba. Hili ndilo lililonifanya niandike.

Ukiingia dukani Lilongwe, iwe ni duka la spea upande wa Old Town au kituo cha mafuta kule City Centre, ukaomba oili ya gia, utapewa "tisini". Tisini hiyo ni uzito tu. Anayezijua Area za Lilongwe anajua namba zinavyoweza kumpoteza mgeni, maana Area mbili zenye namba zinazofuatana zinaweza kuwa pande mbili tofauti za jiji: namba zilifuata lini mtaa ulipimwa, hazikufuata uko wapi. Namba za oili zina mkasa kama huo. Tisini ya gia na arobaini ya injini hazipishani sana kwa uzito, kwa sababu mizani zake ni mbili tofauti, ingawa ukizisoma juujuu utadhani moja ni nzito maradufu. Na pale inapoandikwa 75W-90, namba ya kwanza inaeleza oili inavyotiririka ikiwa ya baridi, ya pili inavyobaki ikiwa ya moto. Kwa asubuhi za Dowa, 75W-90 inaingiza gia vizuri kuliko tisini tupu. Huo ni ushauri wangu wa kwanza na ndio mwepesi.

Wa pili unataka macho makali, kwa sababu umeandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya kopo: GL-4 au GL-5. Hivi ni viwango vya Taasisi ya Petroli ya Marekani, API. Oili ya GL-5 ilitengenezwa kwa ajili ya difu, ambako meno ya gia hayakutani tu bali yanasuguana kwa kuteleza chini ya mzigo mkubwa. Ili chuma kisilambane na chuma, GL-5 imetiwa dawa ya salfa na fosforasi, kwa kawaida karibu mara mbili ya ile ya GL-4. Ndiyo inayoipa harufu yake kali. Dawa hiyo inafanya kazi kwa kushikamana na uso wa chuma. Kwenye difu ni neema. Kwenye giaboksi inakutana na shaba, na salfa na shaba, kukiwa na joto, si marafiki. Ringi inaliwa taratibu, na kabla haijaisha inateleza.

Haki itendeke: si kila GL-5 ni sumu. Zipo zilizotengenezwa zisidhuru shaba, na Toyota yenyewe, kwenye vitabu vya Hilux nyingi za zamani, iliruhusu GL-4 au GL-5. Nissan kwa Hardbody iliagiza GL-4. Shida ni pipa moja. Kijiwe chenye pipa la GL-5 kinaitia kwenye difu, kinaitia kwenye giaboksi, kinaitia kwenye transfa, za Hilux na za Nissan, kwa sababu zote ni "tisini". Kama lazima pipa liwe moja kwa giaboksi hizo, basi liwe la GL-4, na la difu liwe jingine lenye rangi yake ubavuni.

Kisha kuna Isuzu, ambayo inawachanganya hata mafundi wakongwe. Giaboksi za mkono za pikapu nyingi za Isuzu ziliagizwa oili ya injini. Ndiyo, ya injini, nyepesi. Fundi akimwambia mwenye gari, "Papa, hapa tunatia mafuta ya motere," mwenye gari anadhani anaibiwa. Hajaibiwa. Na huko Marekani zipo pikapu za Ford za miaka ya 1990 zenye giaboksi ya mkono inayotumia oili nyekundu ya gia za kujiendesha. Kwa hiyo hakuna kanuni ya mdomo inayotosha. Kuna kitabu cha gari tu.

Kitabu chenyewe kiko wapi? Pikapu za Malawi zina asili mbili. Zipo zilizotoka Afrika Kusini, ambako Hilux ziliundwa Durban na Nissan kule Rosslyn, na hizo zilikuja na kitabu cha Kiingereza, kama mwenye gari wa kwanza hakukipoteza. Zipo zilizotumika Japani, zikashushwa bandarini Dar es Salaam na kuendeshwa hadi mpaka wa Songwe. Hizo kitabu chake ni cha Kijapani, kama kipo. Lakini kibati cha utambulisho kilichopigiliwa kwenye bodi ya gari kinataja pia aina ya giaboksi, na kwa namba ile mtu mwenye simu yenye intaneti anapata oili inayotakiwa kabla chai haijapoa. Ni kazi ya dakika tano. Tangu Benki Kuu ya Malawi iliposhusha thamani ya kwacha kwa asilimia 44 Novemba 2023, kila kilichoagizwa nje kimekuwa kitu cha kununuliwa kwa mawazo, na kopo la oili isiyofaa ni pesa iliyomwagwa mara mbili.

Kazi yenyewe haina maajabu. Fundi wa Kikongo ataita vidanji, na spana ataita kle, lakini utaratibu ni uleule wa Bukavu, Mbeya au Mombasa. Gari litembezwe kwanza kilomita chache ili oili ilainike na kubeba uchafu wake. Liwekwe mahali tambarare, juu ya shimo au juu ya stendi pande zote nne, maana likiinamia nyuma kipimo kitadanganya. Jeki peke yake si kitu cha kulaliwa chini yake, hata kama umeona watu wakifanya hivyo miaka yote na bado wako hai.

Halafu linakuja jambo ambalo ningelipigia mstari mwekundu. Giaboksi ina bolti mbili: ya kujazia, ubavuni, na ya kumwagia, chini. Fungua ya kujazia kwanza. Daima. Imekaa miaka, imeshika kutu, labda mtu aliiharibu kona kwa spana ya kurekebisha. Ukimwaga oili kwanza kisha ukagundua ya juu haifunguki, una gari lisilo na oili wala njia ya kuitia, limelala kijiweni Dzaleka huku spea ikitafutwa Lilongwe. Kwenye Hilux za kizamani bolti zote mbili kwa kawaida ni namba 24. Tumia soketi ya pembe sita, igonge ikae sawasawa, kisha vuta kwa mkono mrefu. Ikigoma, nyunyizia mafuta ya kulegeza na uende ukapige soga.

Ya chini ikifunguka, oili inatoka kwa kishindo, basi beseni liwe limeshafika. Usiharakishe. Acha ichuruzike mpaka yabaki matone. Huu ndio wakati wa fundi kuwa daktari, kwa sababu bolti ya chini kwenye magari mengi ina sumaku, na sumaku inatunza kumbukumbu. Ukikuta uji wa kijivu, laini kama lami ukiusugua kati ya vidole, huo ni uzee wa kawaida. Ufute. Ukikuta vipande unavyoweza kuvihesabu, au jino, mazungumzo yanabadilika. Sumaku haishiki shaba, kwa hiyo usiishie hapo: chota oili kwenye kifuniko cheupe, ipeleke juani, iyumbishe. Chembe za dhahabu zinazomeremeta ni ringi zako zinaondoka. Kidogo kinavumilika, wingu zima ni habari mbaya. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji, jambo la kawaida baada ya masika. Giaboksi iliyo moto ikizamishwa ghafla kwenye maji ya barabarani, hewa ya ndani inasinyaa na kuvuta maji kupitia kipumulio au sili iliyochoka. Hiyo haisubiri kilomita 40,000. Inabadilishwa wiki hiyohiyo, na kipumulio kinasafishwa.

Bolti ya chini irudishwe na washa mpya, ya shaba au aluminiamu, ikazwe kwa kiasi. Toyota hutaja nyutoni-mita 37 kwa bolti hizi za Hilux, ambayo ni mkono wa mtu mzima bila kuning'inia kwenye bomba la nyongeza. Nyumba ya giaboksi ni ya aluminiamu. Ukiua nyuzi zake umenunua tatizo lisilohusiana na oili.

Kujaza ndiko kunakochosha, kwa sababu tundu liko ubavuni na hakuna nafasi ya kuinamisha kopo. Pampu ya mkono inasaidia. Isipokuwepo, bomba refu la plastiki na faneli kutoka juu, mmoja anamimina, mwingine yuko chini ameshika ncha. "Bado?" "Bado, Papa, tia." Hilux ya magurudumu mawili hunywa lita mbili na ushee, za kuvuta magurudumu manne zinaweza kukaribia nne, na transfa ina oili yake pembeni ambayo nusu ya madereva hawajui kama ipo. Kipimo ni tundu lenyewe: oili ikianza kuchuruzika kutoka bolti ya kujazia, inatosha. Wapo wanaoinua ubavu mmoja ili waongeze "ya akiba". Akiba hiyo inapata moto, inatafuta njia, inatokea kwenye sili ya mbele hadi kwenye klachi, na klachi iliyolowa oili haibebi magunia ya unga.

Oili iliyopungua ikasahaulika ndiyo mbaya zaidi. Kwenye giaboksi nyingi za aina hii gia ya tano imewekwa nyuma kabisa, peke yake, na oili ikipungua ndiyo ya kwanza kukaukiwa. Ukisikia gari linalia kwenye gia ya tano tu, pale M1 baada ya Lumbadzi ambako barabara inakunjuka, usisubiri kufika nyumbani. Tazama chini ya gari, pale propela inapoingia.

Kuhusu ile oili chafu iliyobaki kwenye beseni, nina neno moja na si la kupendeza. Kila kijiwe kina desturi yake: inamwagwa barabarani kutuliza vumbi, inapakwa nguzo za uzio dhidi ya mchwa, au inatupwa tu nyuma ya banda. Idara ya mazingira ya Marekani, EPA, hueleza kwamba oili ya kubadilisha mara moja inaweza kuchafua galoni milioni moja za maji safi. Dzaleka inakunywa maji ya visima. Ya nguzo naielewa, angalau ina kazi. Ya kumwaga hovyo haina utetezi wowote, wakati kuna madumu matupu kila kona na pikapu inayorudi Lilongwe kesho ikiwa na nafasi ya kutosha kuyabeba.

Oili mpya ikiwemo, gari liendeshwe, gia zote ziguswe, kisha fundi arudi chini kuangalia kama kuna tone kwenye bolti. Tarehe, kilomita na aina ya oili viandikwe kwenye karatasi ya gundi ndani ya fremu ya mlango, pale ambapo fundi alitazama mwanzo bila kupata kitu. Kama gia ya pili bado inakwaruza, zima injini na uingize gia moja baada ya nyingine. Zikiingia laini zote, ila injini ikiwaka zinagoma zote, na rivasi inalia kuliko zote, basi klachi haiachii vizuri, na pengine ni hewa au uvujaji kwenye mfumo wake wa kusukuma. Ikiwa inayokwaruza ni moja tu, na ni gari likiwa kwenye mwendo, ringi yake imekwisha, na hakuna oili ya GL yoyote itakayoirudisha. Hapo giaboksi inashushwa, na mwenye gari aanze kuuliza bei ya ringi Lilongwe kabla gari halijapanda shimoni.